Ada ya Januari, Kahawa ya Juni

Kila Januari, shule za Nshamba zinapofunguliwa, mibuni iliyozunguka nyumba haina cha kuuza. Tunda ni bichi bado. Uchumaji utaanza Mei au Juni, na fedha itafika mkononi baadaye zaidi. Lakini mtoto anatakiwa shuleni sasa, na sare, madaftari, viatu, na kama ni wa bweni, godoro. Ndani ya pengo hilo limestawi neno ambalo kila mtu wa mkoa wa Kagera analijua: butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa ua tu, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, na kila mara imerudi. Kwa kawaida butura huzungumzwa kama suala la soko: ujanja wa mlanguzi na unyonge wa mkulima. Makala haya yanadai kwamba ni suala la historia ya kusoma na kuandika vilevile. Katika nchi ya Ihangiro kusoma kulipandwa kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, katika kivuli kilekile cha migomba kinachofunika mibuni, na tangu mwanzo kumebeba kasoro moja ambayo haijarekebishwa: mwaka wa kitabu na mwaka wa mvua haijawahi kuanza siku moja. Anayetaka kujua kwa nini vizazi vingine hapa vilisoma sana na vingine vikaishia njiani, asiangalie shule peke yake. Aangalie na mvua, na kahawa, na nani alilipa deni la Januari.

Nshamba iko wilayani Muleba, kwenye vilima vya uliokuwa ufalme wa Ihangiro, mmojawapo wa falme za Wahaya, uliotawaliwa na Bakama, yaani wafalme, wa ukoo wa Bahinda. Mvua ya huku ni zawadi ya Ziwa Viktoria. Mjini Bukoba, ukingoni mwa maji, hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kwenda magharibi ndivyo mvua inavyopungua. Masika hushika Machi hadi Mei. Vuli huanza Septemba au Oktoba na kufika Desemba. Katikati hukaa kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambacho Wahaya hukiita ekyanda. Mgomba hauna haraka na majira haya, hutoa mkungu mwezi wowote, ndiyo maana kibanja kilichotunzwa hulisha nyumba mwaka mzima. Kahawa, maharage na senene, hivyo vina saa zake. Senene huja Novemba na Desemba, na mara nyingine tena wakati wa masika. Waganda, majirani wa kaskazini ambao lugha yao ni ndugu wa Kihaya, waliupa Novemba jina la Musenene, na katika hesabu yao ya kale kila msimu wa mvua, ttoggo na ddumbi, ulikuwa mwaka kamili, hata miezi 12 ya leo ikawa kwao miaka miwili. Kwa mtu aishiye karibu na ikweta, anayepanda na kuvuna mara mbili jua likizunguka mara moja, hesabu hiyo ina akili. Mwaka mrefu wenye kichwa kimoja, unaoanza Januari ambapo shambani hakuna kinachoanza, uliingia pamoja na karatasi.

Kabla ya karatasi, kumbukumbu ilikuwa na wenyewe. Waimbaji wa enanga, zeze refu la ubao uliochimbwa kama mtumbwi, walibeba tendi za mashujaa na wafalme, na kazi yao ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1986 Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, aliitetea katika tasnifu yake ya uzamivu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama utendi kamili, wenye haki ya kukaa meza moja na tendi za mataifa mengine. Ushahidi wa pili umetoka ardhini. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata masimulizi ya wazee wa Buhaya, nchi ya Wahaya, hadi Katuruka, kwenye eneo linalohusishwa na Mukama Rugomora Mahe, na alipochimba alikuta mabaki ya ufuaji chuma wa kale sana, ya zamani kuliko ufalme wenyewe. Wazee walikuwa wameuhusisha mti mtakatifu wa mahali hapo na chuma kwa muda ambao hakuna kitabu kilichoupima. Mambo haya mawili yanatosha kuikataa picha ya kwamba mmisionari alipofika na alfabeti alikuta ukurasa mtupu. Alikuta watu waliokwisha kuzoea kuhifadhi mambo, wenye utaratibu wa nani anasimulia, mbele ya nani, na wakati gani. Kitu kipya alicholeta ni maandishi, na maandishi yalidai muda wake ndani ya mwaka ambao tayari ulikuwa umegawanywa.

Muda huo haukupatikana kwa siku moja. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Kafuro, huko Karagwe, walikuwa na kalamu, barua na Kurani tangu katikati ya karne ya 19, na John Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861 hakuwa mgeni wa kwanza mwenye daftari. Lakini kalamu ile ilibaki mikononi mwa msafara. Kusoma kama jambo la mtu wa kijijini kuliingia kutoka Buganda, ambako kufikia miaka ya 1880 wafuasi wa dini mpya waliitwa wasomaji. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Kihaya kikalipokea neno pamoja na jambo lenyewe: okushoma ni kusoma, na ni kwenda kusali vilevile, na abashomi walikuwa wasomaji na waumini kwa pumzi moja. Kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, ilimtaka mtu ajifunze dini kwa miaka minne kabla ya ubatizo. Ukiipima kwa hesabu ya kale ya Waganda, hiyo ni miaka minane: masika manne na vuli nne za kuliacha jembe kwa saa kadhaa na kwenda kukariri katekisimu. Hata umbo la kitabu lilibidi litii mazingira. Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896 na kusomwa pia na Waprotestanti wa mwanzo wa Buhaya, ilipata toleo fupi na nene, lililokatwa kwa kipimo cha mkebe wa biskuti, ili msomaji aifungie humo mchwa wasiitafune. Kwenye nchi ya unyevu na mchwa kitabu nacho kilihitaji ghala, kama maharage ya mbegu.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo si dogo. Mtu atasema: kama kusoma kulikuwa kusali, basi kulienezwa na imani, na kahawa haina cha kudai. Ni kweli kwamba wasomaji wa kwanza hawakufuata fedha. Baadhi yao walifukuzwa nyumbani na kuadhibiwa na watawala kwa sababu ya kitabu. Lakini imani inaeleza kwa nini mtu mmoja alianza. Haielezi vizuri jinsi kijiji kizima kilivyomudu kuendelea. Mibuni ya aina ya robusta ilikuwapo Buhaya kabla ya wageni. Matunda yake yalichemshwa, yakakaushwa na kutafunwa, mgeni alikaribishwa kwayo, na undugu wa kuchanjiana damu ulifungwa kwayo. Bakama wenyewe waliudhibiti upandaji wake. Reli ya Uganda ilipogusa ziwa huko Kisumu mwaka 1901, kilichokuwa cha kutafuna kikawa cha kusafirishwa, kwa meli hadi Kisumu na kwa treni hadi Mombasa. Wamisionari wakaleta mbegu za arabika, utawala ukahimiza upandaji, na katika miaka ya 1920 kahawa ikazagaa vibanjani. Fedha hiyo ilijenga nyumba za bati na kulipa kodi, na ikapeleka watoto shule. Ikaleta siasa pia. Bukoba Bahaya Union, iliyoundwa mwaka 1924, ilikuwa chama cha watu waliokwisha kusoma, na miongoni mwa waasisi wake, Klemens Kiiza alihangaika na biashara ya kahawa kiasi kilekile alichohangaika na haki za Wahaya. Mwaka 1937, wakulima walipogomea kanuni za serikali za kutunza mibuni, waliojua kuandika ndio waliozitia hoja zao kwenye karatasi. Imani ilifungua kitabu. Kahawa ndiyo iliyofanya kisifungwe baada ya ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo vipindi vya kusoma vilifuata bei. Miaka ya 1930, soko la dunia lilipoanguka, ilikuwa migumu. Miaka ya 1950, bei ilipopanda baada ya vita, ndiyo inayokumbukwa kama neema, na chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, kilichoundwa mwaka 1950, kiliipa neema hiyo ofisi, mizani na vitabu vya hesabu. Ushirika wenyewe ulikuwa shule ya aina yake. Mkulima aliyepeleka kahawa ya maganda ghalani alirudi na stakabadhi, na stakabadhi isiyosomeka kwa mwenyewe ni mwaliko wa kudhulumiwa. Magazeti ya Kihaya yalipata wasomaji, kati yake Rumuli, maana yake mwanga, na Bukya na Gandi, jina linalosema kwamba kukicha kuna habari nyingine. Jina hilo la pili lina mzaha ndani yake: habari mpya kila asubuhi, katika nchi ambayo habari kuu, ile ya mvua na mavuno, ilikuwa inarudi ileile kila mwaka. Kati ya saa hizo mbili, ya gazeti na ya shamba, msomaji wa Nshamba ilibidi aishi kwa zote.

Hakuna aliyeishi kwa zote mbili kwa ukamilifu kama mtu mmoja aliyepita jirani kabisa na hapa. Seminari ya Rubya, ng'ambo kidogo tu ya Nshamba, ilianzishwa na Mapadre Weupe mwanzoni mwa karne ya 20. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa nchi hii aliyekuwa mwaka 1960 kardinali wa kwanza Mwafrika, alipitia madarasa yake. Lakini kwa historia ya kuandika, mwanafunzi wake mkubwa alitoka kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alipelekwa Rubya mwaka 1909 na kukaa huko takriban miaka kumi, akajifunza Kilatini, Kigiriki, Kijerumani na falsafa. Alirudi kwao bila kuwa padre. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na mtoto wao Ntulanalwo na binti yao Bulihwali. Mtu mwenye elimu ile angeweza kuandika lolote. Alichagua kuandika kilimo, uvuvi, dawa, pombe, mahari, ugumba na upendo wa mke na mume, jambo kwa jambo, kazi kwa kazi, kadiri majira yanavyozileta, ili vijana wasije wakasahau jinsi wazee wao walivyoishi. Mswada haukupata mchapaji. Lugha yake ilikuwa na wasomaji wachache, na habari zake za kabla ya Ukristo hazikuwavutia waliokuwa na mitambo ya kuchapa. Mwenyewe akautafsiri kwa Kiswahili. Ulitoka mwaka 1980 kupitia Tanzania Publishing House, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Miaka 35 mswada ulikaa kama mbegu iliyokosa mvua, na ni bahati, au ni ukaidi wa mwenyewe, kwamba haukuoza.

Kitereza anajibu pia pingamizi la pili, linalopendwa na wanaolilia mila: kwamba maandishi yaliua kumbukumbu, kwamba watoto walipofungiwa darasani waliacha kukaa na wazee, na majina ya nyakati, nyasi na pepo yakapotea. Sehemu ya shutuma hiyo ni kweli. Mtoto aliyepelekwa bwenini aliikosa misimu kadhaa ya mafunzo ya kibanjani, na mafunzo yale hayarudiwi likizoni. Lakini shutuma hiyo inachanganya chombo na ratiba. Riwaya ya Kitereza ni maandishi, na ni ghala kubwa mno la maisha ya kabla ya maandishi. Tasnifu ya Mulokozi ni maandishi, na imewapa waimbaji wa enanga wasikilizaji ambao sauti isingewafikia. Kilichoharibu ni utaratibu wa shule uliomwondoa mtoto shambani bila kulirudisha shamba darasani. Hata wakoloni waliliona jambo hilo kwa namna yao, na Julius Nyerere alilisema waziwazi mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipotaka kila shule iwe pia shamba. Katika utekelezaji shamba la shule mara nyingi liligeuka kuwa adhabu, nalo ni somo la historia: majira hayaingii darasani kwa jembe peke yake, kama hakuna anayeyasoma na kuyaandika.

Kisa kinachoitambulisha Nshamba duniani kinathibitisha jinsi shule na kijiji visivyoweza kutenganishwa. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru na mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wasichana watatu wa shule ya kati ya Kashasha, katika wilaya ya Bukoba ya wakati huo, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo iliwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa Machi. Wasichana waliporudi makwao hali ilikwenda nao: Aprili na Mei, masika yakiwa yamepamba moto, watu 217 wa Nshamba, wengi wao vijana, walipatwa nayo. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika taarifa yake mwaka 1963, na tangu hapo kisa hicho hakijaacha kusimuliwa, mara nyingi kama kichekesho. Katika taarifa hiyo kuna kauli kwamba hakuna mtu msomi na mstaarabu aliyeshikwa. Kauli hiyo inastahili kupingwa kwa ushahidi wake yenyewe, kwa kuwa waliotangulia kushikwa walikuwa wanafunzi wa shule ya kati, watu ambao kijijini kwao walihesabiwa kuwa wasomi. Madaktari walimwona msomi kuwa mtu wa mjini, mwenye ofisi. Hawakuona kwamba katika nchi hii msomi alikuwa binti ambaye likizo hurudi kwenye migomba ya mama yake, akibeba furaha ya shule na mzigo wake pia. Shule ilipotetemeka, kijiji kilitetemeka. Mlango ulikuwa mmoja.

Wakati mmoja tu katika historia hii shule ilijaribu kwa makusudi kuzifuata nyakati za mkulima, na matokeo yake yanafaa kukumbukwa. Kati ya 1968 na 1972, UNESCO na serikali ziliendesha katika mikoa ya Ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi ambayo baadaye iliitwa Kagera, mradi wa kisomo cha watu wazima kilichofungamana na kazi. Vitabu vya kuanzia kusoma vilitungwa kwa kufuata mazao na kazi za watu: pamba kwa wa pamba, uvuvi kwa wavuvi, na kwa watu wa huku, migomba. Mtu mzima alijifunza herufi kwa kusoma namna ya kupunguza machipukizi na kuweka mbolea, maneno ambayo kesho yake angeyajaribu kibanjani. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likaanzishwa ili waliojua kusoma wasisahau. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walisemekana kubaki kama asilimia 10. Takwimu za kampeni hupenda kujisifu, na mwenye shaka ana haki. Hata hivyo hakuna anayekana kwamba akina mama wengi wa vijijini, ambao misheni haikuwafikia wala ada haikuwapa nafasi, walishika kalamu mara ya kwanza katika miaka ile, na walishikia mahali pale pale walipokuwa wanalima.

Kisha ardhi iliyolisha yote hayo ikayumba. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimedhoofika. Vita na Uganda, vya 1978 na 1979, vilipita Kagera kwanza. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu, na mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ukavunjika. Yaani mwenye kulipa Januari alikufa wakati ambapo zao la kulipia lilikuwa halina bei. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanyika Kagera kati ya 1991 na 1994, na kurudiwa baadaye, uliwapa wachumi nafasi ya kupima jambo ambalo bibi yeyote wa Nshamba angewaambia bure: mavuno yakiharibika, saa za kazi za watoto huongezeka na mahudhurio ya shule huumia, na kaya yenye mali ya akiba huumia kidogo zaidi. Nshamba ikawa mahali pa majaribio ya huruma pia. Shirika la Humuliza, jina lenye maana ya kufariji, lilifanya kazi na yatima, na kuanzia mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee likawapa mabibi na mababu wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo linasema zaidi ya jedwali. Fedha ndogo inayofika kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, ilikwenda moja kwa moja kuziba pengo ambalo kahawa ya Juni haikuwahi kuliziba.

Pingamizi la mwisho ni la sasa. Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Watu wana simu, habari hazingoji gazeti, na vijana wengi wa Nshamba hawataki hata kuchuma kahawa. Je, msimu una kazi gani tena katika hadithi ya kusoma? Ada imeondoka, na ni heri kubwa. Lakini sare, madaftari, nauli na chakula havikuondoka, na bado vinadaiwa mwezi uleule. Ndiyo maana butura ingalipo, ingawa ni kweli pia kwamba hulipia matanga na hospitali. Majira nayo yanazidi kuwa na neno. Mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoupata mapema, ulionyesha kwamba hata mkungu wa mwaka mzima si ahadi, na mvua isiyofuata tarehe za wazee humfanya mkulima asijue lini apande. Zamani, mtu asiyejua kusoma aliweza kuukariri mwaka kwa sababu mwaka ulikuwa unajirudia. Mwaka usiojirudia unahitaji kuandikwa: mvua ilianza lini, mibuni ilichanua lini, senene walikuja usiku gani, kahawa iliuzwa kwa bei gani. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Ihangiro, shamba linamhitaji mwenye kalamu kuliko mwenye kalamu anavyolihitaji shamba.

Kinachofuata kutokana na hoja hii ni mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wa watu walioko. La kwanza ni la fedha: chama cha msingi cha ushirika kinachoweza kubakiza sehemu ya malipo ya Juni na kumpa mkulima Januari, kwa maandishi na kwa hiari yake, kitaipiga butura kwa namna ambayo marufuku haijaweza, kwa kuwa kitaziba pengo lenyewe. La pili ni la maandishi. Shule iliyoanza na katekisimu, ikapita kwenye stakabadhi ya ushirika na kitabu cha migomba, inaweza kumpa kila mwanafunzi daftari moja la kuandika majira ya kibanja cha kwao, kwa Kiswahili na kwa majina ya Kihaya ambayo bibi yake angali anayajua. Hilo si wazo la kigeni wala jipya. Mwanafunzi mmoja wa Rubya aliyerudi kwao na Kilatini chake aliona kwamba kazi ya kwanza ya elimu hiyo ni kuandika namna watu wake walivyolima. Alingoja miaka 35. Daftari la mtoto wa Nshamba halihitaji mchapaji. Linahitaji kufunguliwa Januari, wakati kahawa ingali mbichi, na kujazwa mwaka mzima hadi senene watakaporudi.